Vikapu Vilivyofunikwa

Nachingwea
9 Aprili 1983

Mwalimu Kornelio, mtani wa baba,

Shikamoo. Najua sisi Wazaramo hatumwamkii Mnyamwezi, mpagazi wetu, lakini leo sina nguvu za kukutania.

Telegramu yako ya tarehe tatu imenifikia tarehe saba. Mama alikuwa ameshatimiza siku ya nne kaburini, nami nilikuwa wodini nacheka na wajawazito. Nilikwenda stendi na mfuko wangu. Dereva akaniambia Rufiji imefurika, kivuko cha Ndundu hakivushi hata mbuzi. Nikarudi kuvaa sare.

Baba ameanza juzi tu kuandika katika darasa lako la watu wazima, na barua moja humchukua wiki nzima. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nani walimwosha mama? Sanda ilipatikana? Watani walikuja? Tafadhali niambie walikuja. Mama alikuwa akisema kwamba siku yake ikifika, asipotukanwa na watani hataamini kuwa amezikwa.

Na mapipa ya chakula, Mwalimu? Tangu njaa ya sabini na nne ni yeye aliyekaa nyuma ya lile pazia kila Ijumaa. Ni yeye aliyeamua kwamba kila nyumba iingie bandani na kikapu kilichofunikwa kanga, iwe inaleta unga au inachukua, ili mtaani pasiwepo anayejulikana kuwa na njaa. Miaka tisa, nyumba kumi, na ni yeye peke yake aliyeona ndani ya vikapu. Baba kazi yake ilikuwa kufuli tu. Ijumaa hii ameona nani?

Ni mimi,
Zuena Mwishehe


Tandika, Temeke
17 Aprili 1983

Zuena mwanangu,

Nakujibu uliyouliza, kisha nitakuvunja moyo, na naomba radhi kwa yote mawili.

Walimwosha shangazi yako Mwajabu na wanawake wawili wa Mtoni. Sanda ilipatikana kwa kibali. Mita saba za bafta, barua ya balozi wa mtaa, muhuri wa tawi, saini ya kata, na karani aliyeniuliza kama marehemu amefariki kweli au tunataka nguo. Katika nchi hii mtu huzaliwa bila kibali lakini hazikwi bila kibali. Nilisimama pale tangu alfajiri ya Pasaka nikiwa nimevaa shati la kanisani, na kanisani sikufika.

Chai ya msiba ilikuwa ya rangi, haina sukari. Nilimwambia baba yako achote kilo moja kwenye akiba, maana mfiwa ndiye wa kwanza mwenye haki. Akakataa. Alisema yeye ni mlinzi, na mlinzi akianza kuchota hata kwa haki, kesho atachota bila haki. Ndivyo alivyo Mwishehe Shomari, kuli mstaafu asiye na shilingi, na nataka uyakumbuke maneno yake unaposoma yanayofuata.

Watani walikuja. Jeneza lilizuiwa njiani, matusi yakasemwa, baba yako akatoa shilingi kulikomboa. Na alicheka, Zuena. Alicheka hadi akashika kiuno, mara ya kwanza tangu mkewe akate roho.

Alhamisi, siku nne baada ya mazishi, wakaja mgambo na bwana mmoja mgeni, yule aliyeletwa hapa mwezi uliopita kusimamia msako wa walanguzi. Hawakuuliza jikoni ni wapi. Walikwenda moja kwa moja kwenye banda la nyuma kama watu walioelekezwa. Wakakuta pipa moja na nusu la unga wa njano, maharage madebe mawili, sukari kilo tisa. Wakamwuliza baba yako ni vya nani. Akasema vya mtaa. Wakamwuliza mtaa gani, na majirani wote walikuwa wamesimama pale uani. Hakuna aliyekohoa. Wamemchukua kama mhujumu uchumi.

Miaka kumi na sita tunaimba kujitegemea. Tumeimba shuleni, tumeimba kwenye malori, tumeimba tukiwa tumeshika matumbo. Nyumba kumi zikijitegemea kweli, pasipo semina wala bendera, zinaitwa genge. Duka la ushirika halina chumvi tangu Februari. Watu wanapanga mawe kwenye foleni na jua linachoma mawe tu. Lakini magunia ya wakubwa hayachunguliwi uvunguni. Nitaandika gazetini. Hawatalala.

Kornelio Mihayo


Nachingwea
30 Aprili 1983

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa chini nikaisoma tena. Kilo tisa za sukari! Za uji wa wagonjwa na wazazi, ambazo mama alizikusanya kijiko kwa kijiko.

Gazeti liache. Baba hatatolewa na gazeti. Mkuu wangu wa wodi, ambaye kaka yake ni mwanasheria, ameniambia kinachotakiwa ni mtu mmoja tu. Asimame mbele yao aseme: chakula kile ni chetu, mimi nilitia changu, au mimi nilipewa. Mmoja akisema, wa pili atasema.

Najua kilichowafunga midomo. Mama alifunika vikapu ili asiaibike mtu, na sasa hakuna awezaye kumsemea mwenzake, kila mmoja anajua kikapu chake tu. Shahidi pekee wa vyote mlimzika Jumapili. Lakini wewe una kikapu chako. Wewe ndiye mwenye kusema mtaani, hata katibu kata humwogopi. Simama wewe, Mwalimu.

Na jambo moja linanikosesha raha. Umesema walikwenda kama walioelekezwa. Nani aliwaelekeza?

Zuena


Tandika
14 Mei 1983

Zuena,

Kesi imepangwa Jumatatu tarehe 20 Juni. Nimeandika gazetini mara mbili, hawakuchapa hata mstari. Mara ya tatu nimeandika kurasa sita, nimewapa historia ya ushirika tangu wakoloni, na nimewauliza ni kifungu gani kinachomkataza mjane kula.

Nimepita nyumba zote nane, ukitoa yenu na yangu. Laiti ungeona. Hawa ndio watu tuliokesha nao kwenye misiba, hawa ndio niliowafundisha kusoma kwa taa ya kibatari. Demetria, ambaye mumewe hana kazi tangu kiwanda kikose pamba, alifungua mlango nusu akasema, "Mwalimu, mie kikapu changu siku zote kilikuwa kimejaa. Kamuulize ambaye chake kilikuwa kitupu." Nilipokwenda nyumba ya pili nikajibiwa hayo hayo. Ya tatu hayo hayo. Nyumba nane, na kwa mujibu wao zote zilikuwa zinaleta na hakuna iliyochukua. Basi mapipa yale yangekuwa yamefika paa. Nikawauliza, kama mlileta, si mkaseme mlileta? Wakasema aliyeleta ataulizwa unga aliutoa wapi.

Tumekuwa taifa la watu wanaochungulia dirishani. Naandika nikiwa na hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Kuhusu aliyewaelekeza, mtaa una midomo mingi, na siku ya maziko walikuwepo watu wengi, akiwemo yule bwana mgeni mwenyewe, aliyekuja kutoa pole. Usijichoshe na hilo.

Kuhusu mimi kusimama, nalipima. Mimi ni mtumishi wa serikali, nikisimama vibaya naweza kumharibia. Ngoja nione njia iliyo bora.

K. Mihayo


Rumande, Dar es Salaam
29 Mei 1983

Mwanangu Zuena

Mimi mzima. Naandika mwenyewe. Mnyapara amenipa karatasi hii na penseli fupi kwa hiyo nisipomaliza usishangae.

Walinihoji siku mbili. Wakasema mapipa ni yako. Nikasema ya mtaa. Wakasema taja nani alileta na nani alichukua. Nikasema sikuona ndani ya vikapu aliona mke wangu. Wakasema mlete. Nikasema mtanipa ruhusa ya kumfukua?

Kisha wakasema alikuwepo mtu mazishini akasema mbele ya watu wote kwamba mimi ni mlanguzi nina mapipa bandani nayalinda kuliko nilivyomlinda mke. Yule bwana mgeni alisikia kwa masikio yake. Lakini msemaji alikuwa amelala chini njiani mbele ya jeneza, na watu wamemzunguka, hakumwona uso. Wakataka jina lake wamfanye shahidi. Nikasema yule ni mtani. Wakasema mtani nani. Nikasema mtani wa msibani hana jina. Wakadhani nafanya kiburi nikapata makofi mawili matatu, si mengi.

Nitamtajaje Zuena. Utani haupelekwi kituoni. Nikimtaja nitakuwa nimemshitaki mtu kwa kunichekesha siku niliyomzika mama yako. Mimi nilicheka mwenyewe na shilingi nikatoa.

Kifua kinabana usiku lakini mchana nafuu. Msalimie Mwalimu. Mwambie asije huku ana kazi ya serikali na watoto sita.

Baba yako
Mwishehe Shomari


Nachingwea
8 Juni 1983

Mwalimu Kornelio,

Baba ameniandikia. Hakukutaja. Mimi nakutaja. Nyumba zetu kumi zina Mnyamwezi mmoja.

Soma vizuri ninayokuandikia, wewe ambaye hupenda kusoma. Sikulaumu kwa ulichosema Jumapili. Ulifanya haki yako na haki ya mama, na mimi mwenyewe niliomba kwa mkono wangu kwamba watani wawe wamekuja. Ungemtukana baba kwa lolote ningekushukuru. Yule mgeni ndiye aliyesikia utani akauchukua kama ushahidi, na aibu hiyo ni yake.

Nakulaumu kwa ulivyonyamaza tangu Alhamisi. Ulikuwepo uani. Neno moja tu, "Ndugu, lile lilikuwa langu, mimi ni mtani wake," na wangeondoka wamenuna. Badala yake ukaenda kuandika kurasa sita za historia. Ukapita nyumba nane ukiwaita watu waoga. Ukaniandikia mimi kwamba mtaa una midomo mingi.

Tarehe 20 utaingia mle ndani, utasema mambo matatu. Maneno yalikuwa yangu. Yalikuwa utani. Na chakula ni chetu, kikapu changu kiliingia pale kila Ijumaa kimejaa. Si ndiyo? Wewe ndiye mwenye mshahara mtaani.

Nimeomba likizo. Wamesema hakuna wa kushika zamu yangu hadi Julai. Kwa hiyo sina mwingine. Ningekuwa na mwingine nisingekuandikia.

Zuena


Tabora
3 Julai 1983

Zuena,

Naandika kutoka nyumbani kwa kaka yangu. Nilipanda treni tarehe 21. Labda umeshasikia.

Nimezoea kuandika dhidi ya watu. Leo sijui nianze na nani.

Kikapu changu kilikuwa kitupu. Si Ijumaa moja. Ni miaka mitatu, tangu mke wangu aanze kuugua figo, mshahara ukawa unaishia duka la dawa, na hiyo dawa yenyewe nikiipata kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa naingia bandani na kikapu kilichofunikwa, natembea kama mtu aliyebeba kilo tano, bega limeinama upande mmoja. Mama yako alikuwa anafunua kanga, anatazama, anachota makopo matatu ya unga na moja la maharage, halafu anasema kwa sauti ili walio nje wasikie, "Asante Mwalimu, leo umetuletea mengi." Kila Ijumaa. Nami nikitoka hapo nilikwenda kuandika makala kuhusu watu wanaokula jasho la wenzao. Nimechapisha kumi na moja.

Kwa hiyo siku ya Alhamisi, pale uani, neno lilikuwa mdomoni. Lakini baada ya "lile lilikuwa langu" lingefuata swali, na wewe ulitia nini? Mbele ya Demetria. Mbele ya wanafunzi wangu wa usiku. Nikaona ni afadhali kwanza nitafute njia nyingine. Njia nyingine zote nilizokuandikia nilizifuata kweli, sikukudanganya kwa hilo. Nilizifuata kwa bidii kwa sababu zilikuwa mbali na ile moja.

Tarehe 20 nilikwenda. Nilivaa lile shati la Pasaka. Nilikuwa nimeyakariri mambo yako matatu, na la tatu nilikuwa nimelirekebisha. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango, hatua tatu tu. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na walipomleta baba yako midomo ilikuwa imepasuka kwa funga. Amekonda, Zuena. Suruali ameifunga kwa kamba ya katani.

Akaniona. Askari wawili wako naye, na yule bwana mgeni amesimama mlangoni akitazama kila anayekaribia. Niliinuka. Nilifungua mdomo. Baba yako akasema kwa sauti ya kule kule kwetu, ya kilabuni na ya misibani, "Mpagazi, umepotea. Bandarini ni kule." Askari wakacheka. Akapita.

Alinipa ruhusa. Unaelewa? Alinitania ili nipate mlango wa kutokea, na mimi nikautumia. Nikajibu kitu cha kipuuzi, kwamba Mzaramo hata bandari anaijua kwa kulala kivulini pake, nikaondoka. Nilikuwa bado nasikia karani akiuliza, "Kuna shahidi wa Mwishehe Shomari?" Aliuliza mara mbili. Nilikuwa kwenye ngazi.

Nimesikia wameahirisha hadi Agosti. Agosti nitarudi. Naandika hapa chini nikiwa na akili timamu kwamba maneno ya mazishini yalikuwa yangu, Kornelio Mihayo, na kwamba nilikula akiba ile na sikutia kitu. Wapelekee karatasi hii. Kama wanataka sahihi mbele ya hakimu, waje Tabora wanichukue.

Kornelio Mihayo


Tandika
24 Julai 1983

Mwalimu,

Karatasi yako nimeipata hapa, wameituma kutoka Nachingwea. Haina pa kupelekwa. Baba alifariki hospitalini Jumatatu iliyopita. Kifua. Nilimkuta bado anapumua, lakini hakunitambua, alikuwa akipanga herufi hewani kwa kidole. Kesi imefutwa kwa kuwa hakuna mshitakiwa. Mapipa hayajarudishwa. Nilipouliza, nikaambiwa vile vilikuwa vielelezo, na vielelezo vililiwa na panya.

Nakueleza mazishi, kwa kuwa wewe ulinielezea ya mama.

Sanda ilipatikana kwa kibali. Chai ilikuwa ya rangi. Watu walijaa hadi barabarani, wale wale wa uani. Watani walikuja kutoka Mtoni na Mbagala, Wanyamwezi wenzako watano, nami nikawapokea nikawasihi wafanye kazi yao. Wakatazamana. Mmoja, mzee, akanijibu kwa adabu sana, "Mama, sie kwa sasa hatutanii. Hatujui nani anasikiliza." Wakakaa kwenye mkeka kama wageni wa kawaida, wakasema pole.

Ijumaa, siku ya tatu tangu tumzike, shangazi Mwajabu alifagia lile banda. Sijui kwa nini. Akatundika pazia. Jua lilipopanda wakaanza kuja, mmoja mmoja, kama walivyozoea, na vikapu vimefunikwa kanga. Nikafurahi, Mwalimu. Nikasema moyoni, wameona aibu, wanaanza upya, wamekuja kunisaidia mimi mfiwa. Nikaenda kukaa mahali pa mama.

Nilifunua cha kwanza. Kitupu. Cha pili kitupu. Aliyeingia na kikapu kizito zaidi kwa mwendo alikuwa ametia jiwe. Nyumba nane, vikapu vinane, na ndani ya banda hakuna hata punje. Kila mmoja alisimama mbele yangu bila kuniangalia akingoja nichote. Walidhani wale wengine saba wameleta.

Sikujua la kufanya. Nikafanya kama mama. Nikavifunika tena, na kwa kila mmoja nikasema kwa sauti walio nje wasikie, "Asante, leo umetuletea mengi." Wakatoka navyo. Sitakwambia kipi kilikuwa cha nani, na hicho chenye jiwe sitakwambia kamwe. Wewe hukuwepo tu. Ungekuwepo, vingekuwa tisa.

Kesho narudi Nachingwea. Kufuli nimempa shangazi, ingawa hakuna cha kufungia. Usirudi Agosti kwa ajili yangu.

Jambo moja ambalo sikulitaja. Siku ya baba nilisimama mlangoni na wanawake wenzangu nikitazama jeneza likiondoka. Lilipofika pale kwenye kona, pale wanaposema ulilala wewe siku ya mama, wabebaji walipunguza mwendo. Wakangoja kidogo, na nikaona vichwa vinageuka huku na huku. Nilikuwa na shilingi mkononi, nimeishika tangu asubuhi.

Njia ilikuwa nyeupe. Wakaendelea. Walifika haraka mno.

Zuena Mwishehe